Mikoko ya Kaole na Elimu ya Mwanachuo

Katika vyuo vyetu vikuu somo la utunzaji wa mazingira limekwisha kupata mahali pake pa kudumu. Mwanachuo anajifunza sheria, anajifunza istilahi, anachora michoro ya mzunguko wa maji na hewa, na mwisho wa muhula anajibu maswali ya mtihani. Baada ya miaka mitatu au minne anapewa shahada, na pengine anaajiriwa kuwa ofisa wa misitu, wa uvuvi au wa mazingira katika wilaya fulani. Hapo ndipo kasoro inapoonekana. Ofisa huyo akikutana pwani na mwananchi mwenye shoka, hana la kumwambia ila kwamba ni marufuku. Mwananchi naye hana la kumjibu ila kusubiri ofisa aondoke. Miti inaendelea kukatwa, na kila upande unaondoka ukiamini kwamba upande wa pili ni adui.

Makala haya yanajaribu kueleza kwa nini hali hiyo hutokea, na njia ya kuirekebisha. Hoja yetu ni moja. Utunzaji wa mazingira haufundishiki kama orodha ya makatazo. Unafundishika pale mwanafunzi anapofika mahali maalumu, penye historia yake na watu wanaoishi kwa kazi zao, akalazimika kueleza kwa nini mahali hapo pamekuwa hivyo palivyo. Tumechagua Kaole, kilometa tano hivi kusini ya mji wa Bagamoyo, kwa sababu mambo matatu yamekutana pale: magofu, mikoko na wananchi. Isitoshe, wanachuo wa Dar es Salaam wanaweza kwenda Kaole na kurudi siku hiyo hiyo.

1. Suala hili si geni

Suala la msomi na kijiji limejadiliwa katika nchi yetu kwa muda mrefu. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanachuo wa Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na wapatao mia nne walirudishwa makwao. Miezi michache baadaye, Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea. Waraka ule ulikosoa shule iliyomtenga kijana na jamii yake, na iliyomfanya aamini kwamba maarifa yote yamo vitabuni au vichwani mwa waliosoma. Azimio la Musoma la Novemba 1974 likaenda mbele zaidi: kijana aliyemaliza sekondari alitakiwa kwanza alitumikie Taifa na kufanya kazi, ndipo aombe nafasi ya Chuo Kikuu.

Utaratibu ule wa Musoma haupo tena, na wala nia yetu hapa si kudai urudishwe. Tunachosema ni kwamba swali lililouzaa bado halijajibiwa. Mwanachuo anayesomea mazingira bila kuyakanyaga hupata kasumba ile ile iliyokosolewa mwaka 1967, ila sasa imevaa nguo mpya. Zamani msomi alimdharau mkulima kwa kutojua kusoma. Leo anamdharau kwa kuharibu mazingira. Katika hali zote mbili hakumwuliza kitu.

2. Mawe ya Kaole yametoka wapi?

Magofu ya Kaole ni mabaki ya mji wa Waswahili uliostawi, kwa makadirio ya kawaida, kati ya karne ya 13 na ya 16. Yapo mabaki ya misikiti miwili na makaburi mengi, mengine yakiwa na nguzo ndefu ambazo zamani zilipambwa kwa bakuli za kaure kutoka China. Mwanaakiolojia Neville Chittick alichimba hapo mwaka 1958. Baadaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwamo Profesa Felix Chami, wamefanya uchunguzi mwingine katika eneo hilo.

Mgeni wa kawaida huoneshwa nguzo, huoneshwa mbuyu, husimuliwa hadithi za wapendanao na za masharifu, kisha hurudi mjini. Hatuzidharau hadithi hizo. Lakini mwanachuo wa mazingira aanze na swali la fundi: ukuta huu umejengwa kwa nini, na vitu hivyo vilitoka wapi?

Jibu lake lipo mbele ya macho. Mawe ni matumbawe, yaani miamba iliyojengwa na viumbe wadogo wa baharini. Kinachoyashika ni chokaa, na chokaa hupatikana kwa kuyachoma matumbawe hayo hayo katika tanuu la kuni. Dari za nyumba za mawe za mwambao zilibebwa na boriti, na boriti ni mikoko. Fundi wa zamani hakuwa na mti mwingine wa karibu ulionyooka, mgumu na usioliwa upesi na mchwa. Kwa kuwa boriti nzuri haikuvuka sana meta tatu, vyumba vya nyumba hizo vilikuwa virefu na vyembamba. Upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa mti. Mwanafunzi anayepima nyumba ya mawe ya kale kwa kamba, kisha akaingia mikokoni kupima miti, anajifunza kwa mikono yake jinsi mazingira yanavyoingia katika maisha ya watu mpaka ndani ya chumba cha kulala.

Tunapata hapa funzo la kwanza la nadharia. Hapakuwa na wakati ambapo watu wa pwani hii waliishi bila kuyatumia mazingira yao. Kwa hiyo kutunza hakuwezi kuwa na maana ya kutogusa. Yapo maswali matatu ya msingi: nani anatumia, anatumia kiasi gani, na faida inakwenda kwa nani?

3. Je, mikoko iliua mji?

Leo kati ya magofu na bahari pana msitu wa mikoko. Mtu akiuliza kwa nini mji ulikufa, jibu analopata mara nyingi ni kwamba mikoko iliziba bandari, majahazi yakashindwa kufika, biashara ikahamia Bagamoyo. Mwanafunzi anayetoka darasani anapigwa na mshangao. Chuoni ameambiwa kwamba mikoko ni ngao ya pwani. Hapa anaambiwa kwamba mikoko iliangamiza mji. Akibaki na vitabu vyake atasema wananchi ni wajinga. Akiwafuata wananchi bila kufikiri atatupa vitabu. Njia zote mbili ni za uvivu.

Inampasa atazame jinsi mti wenyewe unavyofanya kazi. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mti mama, ikarefuka kama mkuki, kisha ikaanguka. Huelea mpaka ifike mahali penye maji tulivu na tope lililokwisha kutuama, na hapo ndipo hushika. Penye mawimbi makali na mchanga mtupu haiwezi kusimama. Maana yake ni kwamba mkoko wa kwanza ulifika baada ya tope, nao haukuwa chanzo chake. Lakini ukishashika, mizizi yake hupunguza mwendo wa maji, na tope huzidi kutuama. Mti uliokuwa matokeo sasa umegeuka kuwa chanzo. Jambo moja laweza kuwa matokeo leo na chanzo kesho. Anayetazama upande mmoja tu hawezi kueleza mabadiliko.

Kisha inafuata hatua ya pili. Kama tope lilitangulia, tope nalo lilitoka wapi? Huteremka kutoka bara kwa mito na vijito, husukumwa na mikondo ya bahari, huhamishwa na mawimbi ya kaskazi na ya kusi. Mashamba yanapofyekwa hadi kingo za mito, udongo unaoteremka huongezeka. Kumbe pwani ya Kaole haiwezi kuelezwa kwa kuitazama pwani peke yake. Hapana budi kutazama na mkulima wa mlimani.

Hatua ya tatu ni ya historia. Mwezi Juni 1857, Burton na Speke walipoanza safari yao ya bara, walitua katika pwani hiyo hiyo ya Kaole. Mahali palipoweza kupokea wageni wa namna hiyo katikati ya karne ya 19 hapakuwa pamefungwa kabisa na mikoko. Kaole haikufa kwa siku moja. Ilififia huku Bagamoyo ikipanda, na Bagamoyo ilipanda kwa sababu ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa kutoka Tabora, Ujiji na kwingineko. Bahari ilibadilika, na biashara nayo ilibadilika. Kuubebesha mti lawama yote ni sawa na kusahau uchumi.

Tumekaa na mfano huu kwa urefu kwa sababu unaonesha elimu tunayoitaka. Msimulizi wa Kaole ana ukweli, kwani ameona tope likijaa penye mikoko. Kitabu nacho kina ukweli. Kazi ya mwanachuo ni kuzikutanisha kweli hizo mbili mpaka zizae maelezo yaliyo kamili kuliko kila moja peke yake.

4. Mkata boriti na mnunuzi wake

Tuje sasa kwenye shoka. Mwambao wa Tanzania Bara una zaidi ya hektari 100,000 za mikoko, na karibu nusu yake imo katika delta ya Rufiji. Wenyeji huitambua miti hiyo kwa majina na kwa matumizi. Mkoko na msinzi hutoa boriti. Mkandaa hutoa magome ya kutia rangi na kutengenezea ngozi. Mchu una kazi katika kuunda vyombo vya baharini na katika kuni. Mkomafi una ubao mzuri. Mlilana husimama mbele kabisa, unakotangulia kupigwa na maji. Mvuvi na mkata boriti wanaujua mpangilio huu kabla ya kuusoma popote, na ofisa asiyeujua hawezi kuheshimiwa nao.

Lakini mikoko haikukatwa kwa matumizi ya kijiji peke yake. Kwa karne nyingi majahazi yalikuja na kaskazi na kurudi na kusi yakiwa yamebeba boriti za kujengea nyumba za Arabuni na Uajemi, nchi zenye uhaba wa miti. Wakati wa Wajerumani magome ya mikoko yalipelekwa Ulaya kwa ajili ya viwanda vya ngozi. Dola ya kikoloni iliiweka mikoko chini ya sheria na ushuru wake, na kuanzia hapo mwanakijiji akajikuta akiomba kibali cha kukata mti ambao babu yake alikuwa akiukata bila kuuliza, huku shehena kubwa zikisafirishwa mbele ya macho yake. Chuki dhidi ya bwana misitu ina mizizi hiyo. Haikuletwa na ujinga.

Baada ya Uhuru mikoko imeendelea kuwa misitu ya hifadhi ya Serikali. Mwaka 1991 ulitolewa mpango wa usimamizi wa mikoko ya Tanzania Bara, uliotayarishwa chini ya Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mtaalamu wa mimea ya baharini. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilifungua mlango wa wananchi kusimamia misitu kwa kushirikiana na Serikali, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 iliweka ukanda wa meta 60 kutoka ufukweni ambamo shughuli za kudumu zinazoweza kuyadhuru mazingira haziruhusiwi. Kwa upande wa sheria, basi, hatuko mikono mitupu.

Kinachokosekana mara nyingi ni uchambuzi wa soko. Mwanachuo aliyemwona mkata boriti asiishie hapo. Aifuate boriti. Nani aliinunua ufukweni, kwa bei gani? Iliuzwa mjini kwa bei gani? Ilijenga nyumba ya nani? Afuate na gunia la mkaa vivyo hivyo. Atazame pia mahali ambapo mikoko iliondolewa ili kupata mashamba ya chumvi au viwanja vya majengo ya ufukweni. Akifanya hesabu hiyo kwa uaminifu, ataona kwamba mwenye shoka ndiye anayeonekana zaidi na anayepata kidogo zaidi. Elimu ya mazingira inayomkamata yeye na kumwacha mnunuzi imekwisha kuchagua upande, hata ikijidai kuwa ni sayansi tupu.

Lakini tusije tukaingia katika kosa la kinyume, la kumwona mnyonge hana kosa kwa sababu ni mnyonge. Mikoko ikiondoka, wa kwanza kuumia ni mwanakijiji. Samaki wengi, kaa na kamba hukulia katika mizizi ile. Ufuko usio na mikoko hulika haraka. Tope la mikokoni limehifadhi hewa ya ukaa kwa wingi, na likifukuliwa hewa hiyo hurudi angani wakati dunia inazidi kupata joto. Wanawake wanaolima mwani katika pwani hii wanalijua joto hilo, kwani mwani wao huoza maji yanapokuwa ya moto. Ukweli huu usemwe kijijini waziwazi, na usemwe na mtu aliyekwisha kusikiliza.

5. Namna ya kufundisha

Tunapendekeza hatua nne, ambazo idara yoyote ya chuo inaweza kuzifuata bila fedha nyingi.

Kwanza, kuona na kupima. Wanachuo wafike wakati wa bamvu na wakati wa maji mafu, wapime maji yanaingia hadi wapi, waandike ni mti gani unasimama wapi, wahesabu visiki na machipukizi. Wapime na kuta za magofu. Chumvi ya bahari, mvua na mizizi ya miti hula kuta hizo kila mwaka, na rekodi ya miaka kumi iliyoandikwa na makundi kumi ya wanafunzi itakuwa na thamani kuliko ripoti moja ya mgeni.

Pili, kusikiliza. Mwenyeji asifanywe kuwa mtu wa kujaza fomu. Mvuvi, mkata boriti, mama anayekausha samaki na mkulima wa mwani wote ni walimu wa somo hili. Jirani na Kaole, pale Mbegani, kipo chuo cha mafunzo ya uvuvi. Wanafunzi wake na wanachuo wa Dar es Salaam wana mengi ya kufundishana.

Tatu, kufanya kazi. Anayepanda mikoko siku ya sherehe na kupigwa picha hajajifunza kitu. Miche mingi hufa kwa sababu ilipandwa mahali ambapo mti wa aina ile hauoti, au kwa sababu hakuna aliyerudi kuitazama. Kundi lililopanda mwaka huu liwaachie wenzao wa mwaka ujao daftari, ili wahesabu iliyopona na kueleza iliyokufa. Kushindwa kulikoandikwa ni elimu pia.

Nne, kurudisha. Hili ndilo linalosahauliwa. Vijiji vya pwani vimechoka na watafiti wanaouliza, wanaandika na kutoweka. Ripoti isomwe kwa Kiswahili mbele ya mkutano wa wananchi kabla ya kupewa alama chuoni, nao wapate nafasi ya kuipinga. Msomi ambaye maneno yake yamewahi kupimwa mbele ya mkutano wa namna hiyo hatakuwa ofisa wa amri tupu.

Upo mfano wa karibu. Huko Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, watafiti wa mikoko na wanavijiji walifanya kazi pamoja kwa miaka mingi, na mwaka 2013 wakaanzisha mpango wa Mikoko Pamoja, ambao unalinda hektari 117 za mikoko. Fedha zinazotokana na kuuza haki za hewa ya ukaa hutumika kwa mahitaji ya vijiji kama maji na shule. Mpango wa namna hiyo una maswali yake, kwa maana mnunuzi wa haki hizo yuko mbali na anaweza kuendelea kuchafua hewa kwake. Hata hivyo unathibitisha kwamba elimu ya chuo na elimu ya kijiji zikikaa meza moja, mti uliosimama unaweza kumfaa mwanakijiji kuliko mti uliokatwa.

Tumekwisha kusikia wakisema kwamba safari za namna hii ni gharama, na kwamba wanachuo ni wengi mno. Ni kweli kwamba basi zima halitoshi kwa darasa la watu mia tano. Lakini mahali pa kujifunzia si lazima pawe Kaole. Anayesoma Mwanza ana ziwa, anayesoma Morogoro ana Uluguru, anayesoma Iringa ana mto Ruaha. Kaole ni mfano tu. Kila chuo kichague mahali pake, kisha kikae napo mwaka hadi mwaka.

6. Mtihani ulio mbele yetu

Mtu asidhani kwamba tunazungumzia mambo ya kale. Mwaka 2013 yalitiwa saini makubaliano ya kujenga bandari kubwa katika eneo la Bagamoyo, upande wa Mbegani. Mazungumzo yalisimama mwaka 2019, na mwaka 2021 Serikali ikatangaza nia ya kuyafufua. Bandari ni maendeleo, na hatuandiki hapa kuipinga. Lakini kila bandari huhitaji kina, na kila kina kina hesabu yake ya tope. Mahali hapo ni jirani kabisa na mji ambao, kwa kauli ya wenyeji wake, ulipoteza bandari yake kwa tope na mikoko.

Siku itakapokuja hoja ya namna hiyo mezani, nani atakayeihoji kwa niaba ya umma? Nani atauliza tope litakalochotwa litamwagwa wapi, mikoko mingapi itaondolewa, wavuvi na wakulima wa mwani watahamia wapi, na fidia itapimwa kwa kipimo gani? Tukiwa na wasomi wanaojua mazingira ya vitabuni tu, tutasaini tathmini zilizoandikwa na wengine. Tukiwa na wanaokijua kina cha maji ya Kaole kwa sababu waliwahi kukipima wakiwa wanafunzi, na wanaowajua watu wa Kaole kwa sababu waliwahi kusimama mbele ya mkutano wao, tutajadiliana kama wenye nchi.

Wenyeji husimulia kwamba jina la Kaole limetokana na neno la kumwambia mtu aende akaone. Yapo maelezo mengine ya majina ya pwani, na wanahistoria wana haki ya kubishana. Sisi tunaona inatosha kuwa hivyo ndivyo wenyeji wanavyolieleza jina la mji wao. Mwalimu wa chuo aliye na darasa la mazingira muhula huu atazame ratiba ya maji, achague siku ya bamvu, awachukue wanafunzi wake, na waende wakaone.